Anayeshika Ncha ya Futi

Fundi Pindo ameshona sare za watoto wangu wote wanne. Jina hilo tulimpa sisi akina mama, kwa sababu huacha pindo la vidole vinne ndani ya kila sketi na suruali. Mtoto akirefuka, unafumua, unashona upya, na mwaka mwingine unapita.

"Watoto hawaombi ruhusa ya kukua," husema.

Chumba chake kina cherehani mbili, meza ya kukatia na dirisha pana linalotazama barabara. Mahali pa kupimia hapana pazia. Na ana sharti moja: hampimi mtoto peke yake. Mzazi ndiye hushika ncha ya futi begani au kiunoni, yeye husoma namba tu. Miaka kumi na minne nimeishika ncha hiyo nikidhani ni uvivu wake wa kuinama.

Kwamba anapenda wanaume wenzake, mtaa mzima ulijua na ukanyamaza. Kisha redio ikafungua mjadala, wiki nzima. Msikilizaji mmoja alisema watu kama hao ndio wanaoharibu watoto. Mama mmoja wa ustawi wa jamii akajibu kwamba katika kesi alizoshughulikia, waliotenda ubaya walikuwa watu wanaoaminiwa nyumbani, wengi wao wana wake zao. Jirani yangu msusi, ambaye wakati huo alikuwa ananisuka, akanyoosha mkono akazima redio.

"Huyo naye katumwa. Hivi bado unampeleka binti kwa Pindo?"

"Si wanasema anapenda wanaume? Binti anahusika vipi?"

"Mwenzangu, watu wale hawachagui. Tahadhari kabla ya hatari."

Mimi ni mtu wa hofu. Wanangu nawahesabu hata wakiwa wamelala. Neno likaniingia.

Kamati ya wazazi ikaitisha kikao cha Jumamosi, kumwondoa Pindo katika ushonaji wa sare za shule. Sikungoja. Ijumaa nikampeleka kitinda mimba wangu, binti wa miaka minane, kwa fundi mwingine, mwenye mke na watoto watano, mtu na heshima zake.

"Karibu, mama. Wewe pumzika hapo kwenye benchi. Mtoto apite ndani nimpime."

"Na mimi niingie."

"Ndani padogo, mama. Unaniogopa? Mimi si kama yule wenu!" Akacheka, akashika pazia.

Binti yangu akageuka.

"Mama, hushiki futi?"

Sijui fundi yule alikuwa na nia gani. Huenda hakuwa na nia yoyote. Lakini nikalitazama lile pazia. Nilikuwa nimemtoa mwanangu penye dirisha nikamleta penye pazia, eti namlinda. Nikamshika mkono, nikasema tutarudi siku nyingine.

Jumamosi tulijibana darasani, magoti yakigonga madawati ya watoto. Pindo alikaa nyuma kabisa, futi shingoni, kama aliyetoka kazini mara moja. Mwenyekiti alipotaka tunyooshe mikono, nikasimama. Sijazoea kusema mbele za watu; shule yangu iliishia darasa la saba.

"Sina elimu ya kujibizana na redio. Nauliza tu. Yuko hapa mzazi ambaye mwanawe alipimwa na Pindo bila yeye kuwepo?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi sharti lake liwe la kila fundi, na la kila mwalimu wa masomo ya ziada. Mlango wazi, mzazi karibu. Atakayelikataa ndiye tumtilie shaka."

"Mama, umehongwa sketi ngapi?" baba mmoja akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Nimehongwa pindo," nikajibu, wakacheka zaidi.

Sharti lilipita. Hoja ya kumwondoa ilishindwa kwa mikono mitatu tu. Njiani jirani yangu alitembea upande wa pili wa barabara.

Jumatatu nikaenda kwa Pindo na binti.

"Fundi, Ijumaa nilikwenda kwa mwingine."

"Najua. Mtaa una macho."

"Hili sharti lako, nilidhani ni uvivu."

Akavua futi shingoni. "Nilijiwekea nikiwa kijana, mama. Nilijua ipo siku nitaulizwa, na maneno yangu hayatatosha."

Akanipa ncha. Nikaiweka begani kwa mwanangu, vidole vikinicheza.

"Usitetemeke, mama," akasema, akiinama kusoma namba. "Sketi itakwenda upande."