Siku Ng'ombe wa Mwanawema Alipoacha Kucheua

Kijiji kizima cha Gando kilimjua Mwanawema binti Himid kwa mambo mawili: maziwa yake, ambayo hayakuwahi kutiwa maji, na ulimi wake, ambao nao haukuwahi kutiwa maji. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi kwa baba yake sanduku likiwa kichwani na maneno yake yote yakiwa bado mdomoni. Watoto hakujaaliwa. Alijaaliwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe usoni, aliyemwita Kidoto, na ndugu mmoja mdogo, Kificho, ambaye yeye Mwanawema alimbeba mgongoni na kumlea baada ya mama yao kufariki.

Mzee Himid alipokufa aliacha bonde la majani na mitamba wawili wa mama mmoja. Kila mtoto akachukua mtamba wake, bonde likabaki la wote. Kidoto, mtamba wa Mwanawema, alikuwa na bahati kuwa hai, maana alizaliwa kwa kutanguliza miguu ya nyuma, na ni Kificho aliyetia mikono akamvuta mpaka akatoka. Tangu hapo kila asubuhi Mwanawema alimshusha bondeni, akamfunga kwa kamba ndefu, na jua likipanda akamhamishia penye majani mapya. Maziwa ndiyo yaliyomlisha, yakamvisha, yakamwezekea paa. Bila Kidoto angekuwa mtu wa kusimama milangoni kwa watu, na Mwanawema hakuumbwa kuomba.

Kisha zikaja siasa. Anayetaka kusikia kwamba zilikuja na nuru amtafute msimulizi mwingine. Gando zilikuja na bendera, na nyuma ya bendera ikaja chuki ambayo sijui watu walikuwa wameiweka wapi siku zote zile. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana visima na harusi, mpaka maiti wakasusiwa. Mwaka wa sitini na moja, uchaguzi ulipobidi kurudiwa kwa kuwa wa kwanza haukumpa mtu ushindi, Kificho alitundika juu ya paa lake bendera ya chama kisichokuwa cha dada yake. Na nyumba ya Kificho ilikuwa pale pale pa kuingilia bondeni.

Mwanawema alisimama njiani akaitazama.

"Kificho, shusha hicho kitambaa."

"Shusha chako kwanza."

"Basi baina yangu na weye hakuna moto, hakuna chumvi, hakuna salamu."

"Na majani je?" Kificho akamuuliza kwa kejeli.

"Na majani pia," Mwanawema akasema, akamgeuza ng'ombe wake akarudi naye.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu akisusa duka hula muhogo wake, akaishi. Lakini aliyesusa majani ni Mwanawema, na mwenye kuyala ni Kidoto, ambaye hakuna aliyemuuliza anapiga kura wapi. Wenzake wa chama walimsifu sana. Kumsifu kulikuwa kwepesi kwao, kwa sababu wao ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kuwauza au kuwachinja kwa karamu za chama.

Kidoto akawa wa kufungwa uani. Akala maganda ya muhogo, maganda ya ndizi na majani makavu ya kuokoteza. Mbavu zikaanza kuonekana, maziwa yakapungua. Uchaguzi wa pili ulipokwisha tawi la chama chake likapika karamu, na Bi Kazija, kiongozi wa kina mama, akaleta uani mapakacha ya wali uliobaki.

"Ng'ombe wa chama naye ale ushindi," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kidoto alikula ushindi mpaka mapakacha yakabaki matupu. Kesho yake alisimama kichwa chini, macho yamezama, ubavu wa kushoto umetuna. Mavi yake yalikuwa maji matupu yenye harufu ya uji uliochacha. Mwanawema akabandika sikio ubavuni. Siku zote palikuwa na ngurumo humo, na sasa hapakuwa na kitu. Taya halikuenda. Ng'ombe aliyeacha kucheua huwa anaaga, na Mwanawema alilijua hilo. Akaingiwa na hofu ambayo hakuipata hata siku alizopewa talaka.

Bwana Mmanga, bwana mifugo kutoka Wete, alikuja na baiskeli yake. Alikuwa hana chama, na kwa hiyo pande zote mbili zilimwona mnafiki. Akamnywesha Kidoto maji ya magadi kwa chupa, kisha akanawa mikono na kuuliza ng'ombe alikula nini. Alipoambiwa, akaanza kueleza.

"Bi Mwanawema, ng'ombe hayali majani yeye peke yake. Tumboni mwake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vingi kuliko watu wa dunia hii, na ndivyo vinavyomlia chakula. Kila kundi lina chakula chake. Kikiingia chakula, vinakitambua. Yakija majani, vya majani huamka vikafanya kazi. Umemnyima majani, hivyo vikapungua. Ukamletea wali mwingi kwa siku moja, vya wanga vikautambua, vikazaliana mara moja, vikalichachusha tumbo zima. Vya majani vimekufa."

"Sasa?"

"Magadi yatapoza uchachu, lakini hayarudishi vilivyokufa. Tafuta ng'ombe mzima anayekula majani mabichi. Akiwa anacheua, mtoe kilichomo kinywani, ukoroge na maji ya vuguvugu, umnyweshe huyu. Fanya hivyo upesi."

"Ng'ombe gani?"

Bwana Mmanga alitazama upande wa bonde. Kijiji kizima kilijua kwamba, baada ya karamu za vyama vyote, ng'ombe mzima wa majani mabichi alibaki mmoja tu, wa Kificho. Akapanda baiskeli, na wakati wa kuondoka alipitia kwa Kificho kuomba maji ya kunywa.

Mwanawema alikaa uani akimtukana ndugu yake kimoyomoyo, kisha akamtukana kwa sauti. Kwenda kumwomba? Kificho amwone dada yake amesimama chini ya bendera ile, ameshika kata ya kifuu mkononi? Afe ng'ombe kwanza. Akamtazama Kidoto, na Kidoto akalala chini.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Wanaume walipokwenda kusali, kila chama kwenye msikiti wake, Mwanawema alijifunika kanga gubigubi, akachukua kata, akashuka bondeni. Alitarajia kumtafuta ng'ombe wa Kificho mbali ndani ya bonde, lakini alimkuta kando ya njia, kamba fupi, ameshiba, amelala anacheua taratibu. Mwanawema akamshukuru Mungu, akamshika taya. Ng'ombe akarusha kichwa. Akamshika tena, akavurumishwa kwenye matope.

Mkono ukatokea ukazikamata pembe. Alikuwa Moza, mke wa Kificho.

"Fanya upesi, wifi," Moza akasema. Hakusema jingine.

Mwanawema akatia vidole, akatoa tonge la kijani lenye moto, akalitia ndani ya kata. Akangoja taya lianze tena, akatoa jingine. Aliondoka bila kusema ahsante. Alimchukia Moza kwa kuiona aibu yake.

Alimkorogea Kidoto akamnywesha, na Jumamosi jioni ubavu wake ulinguruma. Jumapili taya likaenda. Mwanawema alilia peke yake bandani, akiwa amemkumbatia ng'ombe shingo.

Lakini kijiji hakina siri. Bi Kazija alikuja na wenzake wakasimama mlangoni.

"Tumesikia ng'ombe wako katiwa tumboni kitu cha watu wale. Maziwa hayo sisi hatunywi."

"Basi nywani maji," Mwanawema akasema. "Wali wenu ndio uliotaka kumuua."

Akamfungua Kidoto, akapita naye katikati ya kijiji mchana kweupe, bendera za huku na za kule zikimtazama, mpaka bondeni. Kificho alikuwa akifyeka, panga mkononi.

"Bonde hili si la chama chenu," akasema.

"Si la chenu wala la chetu. La Himid." Kisha, kwa kuwa hakupenda kubaki na deni la uongo, akaongeza, "Na ng'ombe wangu kala cha ng'ombe wako. Nilikuja kuiba."

"Najua. Ulimkuta wapi?"

"Kando ya njia."

"Mie ng'ombe wangu humfunga kando ya njia?"

Mwanawema akaikumbuka kamba fupi, na Moza aliyetokea wakati ule ule. Akamkumbuka Bwana Mmanga aliyepitia hapo kuomba maji.

"Usidhani nilimfunga kwa ajili yako," Kificho akasema, akarudi kufyeka. "Weye ungekufa nisingekuja kukuzika. Kidoto nilimvuta kwa mikono yangu siku aliyozaliwa."

Mwanawema aliliamini neno hilo la kuzikwa, likamchoma, kwa sababu aliyelisema ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Akapigilia kigingi, akamfunga Kidoto kwa kamba ndefu, akarudi nyumbani bila salamu.

Asubuhi alikama. Hapakuwa na mnunuzi hata mmoja. Akajaza bakuli, akaenda akaliweka kando ya njia, pale alipofungwa ng'ombe siku ile, akashika njia yake. Mchana alilikuta pale pale, tupu, limeoshwa.