Gari Lililofunikwa Uso

Mume wangu alinunua gari akiwa hana kazi, na hilo ndilo lililowauma watu wa mtaa wetu wa Bombambili. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, mtu wa funguo nyingi kiunoni, mpaka ikaja ile miaka ya ruksa. Wenye malori binafsi wakaanza kwenda vijijini kununua mahindi wenyewe, ghala likabaki na popo, na yeye akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Wenzake kiinua mgongo walikifungulia maduka ya sabuni na mafuta ya kula. Yeye alipanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na gari dogo lililokwisha kutumika Japani, rangi ya bluu iliyoiva, boneti inang'aa hata ukiinama unaona meno yako. Nilimuuliza kama alishauriana na mtu. Akasema alishauriana na mimi, siku ya harusi yetu.

Nilimwelewa, na hasira zikapungua nusu. Siku ya harusi yetu nilipelekwa ukweni kwa lori la chama, nimeketi juu ya magunia ya mbolea, na shela langu jeupe lilifika jekundu. Mawifi waliponifunua uso walicheka mpaka wakashikana mabega, maana vumbi lilikuwa limebakiza macho tu. Mume wangu hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba tukijaliwa binti, huyo hataingia kwa watu akiwa hivyo. Mimi niliyachukulia kama maneno ya bwana harusi, ambayo huwa ni mengi. Kumbe mwenzangu aliyaweka. Sasa binti yetu alikuwa mwalimu, amechumbiwa na kijana wa Mpitimbi, na baba yake alikuwa ameshaamua kwamba atafika kwa wakwe ndani ya gari lisilo na alama usoni. Kulikodisha kwa abiria kungetulisha, sawa, lakini gari lile alilinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Tatizo lilikuwa barabara. Ya kwenda Makambako ina lami, ila mteja hachagui kuugua au kufiwa kwenye lami. Wateja wetu walikwenda Mbinga, Namtumbo, Mpitimbi, kote changarawe. Lori likikupita linakuachia vumbi, na ndani ya vumbi kuna mawe. Jiwe la kwanza lilitupata tukitoka Namtumbo, mimi nikiwa nimekaa mbele na kapu la maharage. Tulisikia ta! Akasimamisha gari palepale, akashuka, akaanza kupapasa boneti kama mama anayetafuta homa ya mtoto. Palikuwa na alama ndogo, saizi ya punje ya mtama, rangi imebanduka na bati linaonekana. Akaniuliza kama naiona. Nikamwambia siioni. Nilikuwa naiona vizuri sana.

Kuanzia hapo nilipata mke mwenza wa chuma. Kwanza alilipaka grisi uso mzima, eti jiwe likija liteleze. Jiwe halikuteleza, vumbi likanasa, na gari likawa na sura ya nyumba inayosubiri kupigwa chokaa. Halafu akafunga maboksi kwa kamba, mvua ikayafanya uji. Halafu akaamua kwamba dawa ni kukaa mbali na malori, akawa anaendesha taratibu mpaka baiskeli zinatupita zikiwa na magunia ya mkaa. Abiria mmoja aliuliza kama tunasindikiza jeneza. Mume wangu alimjibu kwa heshima kwamba kama ana haraka, lori lipo. Nami pia nilikuwa na haraka.

Mimi ndiye niliyetamka, tena kwa utani, kwamba basi tulishonee nguo. Nilikuwa na cherehani yangu barazani na nilikuwa nimechoka kusikia habari za mawe. Hakucheka. Kesho yake alileta kipande kizuri cha turubai, lile zito la kufunikia magunia, akakiweka mezani kwangu, akasimama kusubiri kama mteja mwingine yeyote. Nikatoka na futi yangu kulipima gari kifua. Niliacha matundu ya taa na ya sho, ule wavu wa mbele, ili injini ipumue, nikatia bitana ya blanketi la kijivu ili turubai lisikwaruze, na pembeni nikashonea mipira ya tyubu ya baiskeli ya kufungia chini ya bampa. Lilikaa vizuri kuliko suruali nyingi nilizowahi kushona, na nasema hivyo bila aibu.

Bombambili walipata cha kusema. Walisema gari letu limevaa aproni, linakwenda kupika. Jirani yangu alileta mbuzi wake uzioni akauliza nampima lini. Lakini mawe yalipokuja, badala ya ta yakawa yanasema pu, na kila liliposema pu mume wangu alitabasamu peke yake nyuma ya usukani. Nilikuwa sijaona tabasamu hilo tangu siku alipokabidhi funguo za ghala. Kwa hiyo niliwaacha watu wacheke.

Kosa letu lilianzia hapo, kwenye kuridhika. Nguo ile haikuvuliwa. Nilimwambia kila nguo hufuliwa, hata ya gari, naye akanijibu kama alivyokuwa akiwajibu vibarua wa ghalani, kwamba kitu kikishafungwa vizuri hakifunguliwifunguliwi. Alikuwa anaitunza kama mzigo wa serikali. Aliosha milango, akaosha vioo, akaosha mpaka matairi, akafika kwenye nguo akaipangusa juujuu na kuiacha. Nami nilikuwa na vitenge vya sare za harusi vimejaa hadi kitandani, sikubishana naye sana.

Lakini alikuwa na vita nyingine ya kupigana. Wazee wa ukoo walimwambia kwamba haipendezi baba mtu kumfikisha binti yake mwenyewe kwa wakwe. Hiyo ni kazi ya mashangazi. Mkwe na mkwe huangaliana kwa mbali. Yeye hakuwa tayari kumpa mtu mwingine usukani kwenye barabara ile. Akajitetea kwamba siku hiyo hatakuwa baba, atakuwa dereva, na dereva hana ukoo. Wazee walicheka, wakakubali, mshenga akatumwa Mpitimbi kupeleka habari, na kule nako wakacheka wakakubali. Nami nikachomekwa humohumo, niitwe mbeba keki.

Asubuhi ya harusi alilipeleka gari uani na ndoo ya maji ya sabuni, alivue nguo na kulisugua tayari kwa maua. Nilikuwa ndani nampaka binti mafuta. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini, halafu sikusikia kitu kingine. Nilipotoka nilimkuta ameketi juu ya jiwe la kufulia, nguo ya turubai magotini.

Vumbi lilikuwa limepenya kwenye mishono yangu, laini kama unga, likajaa ndani ya blanketi, likakaa humo msimu mzima. Kila gari lilipotikisika, blanketi lile lilikuwa linasugua rangi kama sufuria inavyosuguliwa kwa mchanga. Bluu yote ya mbele ilikuwa imefubaa na kuwa ya kijivu, na kwenye kingo za boneti bati lilikuwa linaonekana, mistari mirefu. Ile alama ya jiwe la kwanza bado ilikuwepo, ila sasa ilibidi uitafute. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikujua kipi kitatoka, niliziba mdomo kwa mkono.

"Usimwambie," aliniambia.

Akalivisha tena. Tukafunga maua na riboni juu ya turubai. Kanisani watu walipouliza kwa nini gari la bibi harusi limekuja na aproni mpaka mbele ya padri, alisema ni kwa sababu ya barabara ya Mpitimbi, na lilikuwa jibu la kuaminika. Tulipotoka, bwana harusi akatangulia kwao na watu wake, na mashangazi wakamfunika binti yetu kwa kitenge kipya, kichwa hadi magoti, kwa sababu ya desturi na kwa sababu ya vumbi, na vioo vyote vikapandishwa. Mle ndani palikuwa na joto la tanuri. Nilishika keki mapajani, mume wangu alishika usukani. Nilijua anachoomba. Alikuwa anaomba wamshushe mwali, waingie ndani wakacheze, nasi tugeuze gari turudi.

Tulipokelewa kwa vigelegele tangu njia panda. Uani kwa wakwe wanawake walilizunguka gari, na kama ilivyo kawaida, mwali wetu hakushuka. Mashangazi wa kwetu walikataa kufungua mlango mpaka walipopewa kitenge, wakakataa tena mpaka likaletwa jembe jipya. Yote yalikwenda kwa kicheko. Kisha shangazi wa bwana harusi, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya mto, akalizunguka gari mara moja, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kumbe mwali si mmoja," alisema. "Na huyu naye kafunikwa uso. Dereva, shuka utufunulie. Kuku wake yupo."

Wanawake wakaangua vicheko, kuku akaletwa. Kama tungekuwa tumekuja kama wakwe, mama yule asingethubutu hata kumtazama mume wangu usoni, seuze kumtuma. Lakini mume wangu alijiita dereva mwenyewe, na dereva hutumwa. Kukataa kungekuwa kuwakatalia zawadi mbele ya ndugu zao wote, siku binti yetu anaingia kwao. Alinigeukia. Mimi nilitazama keki.

Akashuka. Alifungua mipira ya tyubu mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayefungua bandeji ya mgonjwa. Nguo ikaanguka pamoja na maua yake, vumbi likafuka, na vigelegele vikazimika vyenyewe kuanzia mbele kwenda nyuma. Shangazi yule alidhani ni uchafu. Alichukua pindo la kanga yake akapangusa. Akapangusa tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akaacha mkono wake pale juu ya bati, akamtazama mume wangu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa yote, gari na mwenye gari.

"Ulilifunika mno," alisema, sauti imeshuka kabisa. Akachukua kuku akampa mikononi. "Pokea. Gari likishafunuliwa kwetu halifunikwi tena."

Mume wangu alisimama na kuku kifuani. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka bila kufunguliwa na shangazi yeyote. Binti yetu alikuwa amejifunua kitenge mwenyewe, jambo ambalo mwali hafanyi, na alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo cha mbele. Alishuka. Shela lake lilikuwa jeupe kama lilivyotoka kwenye sanduku, viatu vyeupe, hana vumbi hata kwenye kope. Nilitazama shela lile kutoka juu mpaka kwenye pindo, kwa kuwa mimi najua langu lilivyofika.

"Asante, baba," alisema.

Neno hilo, baba, lilikuwa limekatazwa pale uani siku hiyo, maana yeye alikuja kama dereva. Wanawake wote walijifanya hawakulisikia. Shangazi mwenye sauti akapiga kigelegele kirefu kulifunika, wakamzunguka mwali wetu, wakamfunika upya, wakaenda naye.

Nguo ya turubai tuliiacha kulekule. Binti yetu aliniambia baadaye kwamba wanaanikia mahindi juu yake na kwamba mishono haijalegea, na nilifurahi kusikia hivyo. Sisi tuligeuza gari jua likiwa bado lipo juu. Hatukwenda mbali kabla hatujakutana na lori la mbao, linakuja kwa kasi ya wanaoendesha mali ya tajiri. Nilishika dashibodi nikisubiri apunguze mwendo, aingie pembeni, asimame kabisa kama kawaida yake. Hakupunguza. Mawe yalitupiga usoni, ta, ta, ta.

"Mawe, mume wangu," nilisema.

"Yaache," alisema. "Niliyekuwa namtunzia ameshashuka."

Niligeuka kutazama kiti cha nyuma. Palikuwa na maua yaliyopukutika, na kuku wa watu amefungwa miguu, amelala palepale alipokuwa ameketi mtoto wangu. Nikalia. Sikuwa nimelia kanisani wala uani kwa wakwe, lakini pale kwenye changarawe nililia kwa sauti, na yeye akashusha vioo vyote ili nipate hewa, na vumbi lote la Mpitimbi likaingia. Alinipa kitambaa cha kufutia kioo. Nilijifuta nacho njia nzima.

Tulipofika nyumbani alinifungulia mlango, akanitazama, akasimama. Uso wangu ulikuwa mwekundu kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni, umebakiza macho tu, kama siku ile aliponishusha kwenye lori la mbolea. Safari hii alicheka, akacheka mpaka akaegemea boneti yake iliyokwanguka, nami nikamwacha acheke.