Sura Arobaini na Moja za Léocadie

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja la Hillbrow, Afrika Kusini, palikuwa na saluni ya viti vinne, na kiti cha dirishani kilikuwa cha Léocadie. Alikuwa mwanamke wa Uvira, miaka thelathini na mitatu, mwepesi wa vidole, mzito wa maneno. Wateja walimpenda kwa kuwa hakuwavuta nywele, tena walipoanza kumweleza mambo yao hakuwakatiza.

Siku moja ya baridi, mwaka 2018, alikuwa akimfumua mama mmoja wa Kalemie. Kila msuko ulipofunguka, yule mama alikumbuka jambo: nyumba aliyoiacha, mtoto aliyemzika njiani, mume aliyepotelea Lusaka. Walipofika kwenye msuko wa mwisho, kitenge cha mabegani kilikuwa kimelowa machozi. Léocadie alirudi nyumbani na wazo ambalo halikumpa nafasi ya kupumzika. Je, ingekuwaje kama ingekuwapo nchi ambayo watu huweka kumbukumbu zao ndani ya misuko, na msusi ndiye hakimu, kwa sababu ni yeye tu awezaye kumsoma mtu kichwani?

Aliiweka nchi hiyo chini ya ziwa Tanganyika, ziwa la utoto wake, lakini majengo yake yalikuwa ya Hillbrow, marefu, yamebanana, nguo zimeanikwa kila dirisha. Pale ambapo Hillbrow ina lifti zilizokufa, nchi yake ilikuwa na samaki wakubwa waliopanda na kushuka na abiria migongoni. Msusi wa nchi hiyo aliitwa Sifa. Mlinzi wa lango la mfalme, mwanamke mrefu asiyeyumba, aliitwa Faida.

Hadithi yake hakuiandika. Alisema hadithi ikipitia kalamu kwanza, ulimi unakuwa mtumwa. Alijifungia ndani ya stoo ya rasta pale saluni, mahali ambapo honi za teksi hazikufika, akaisimulia kwenye simu. Kila Ijumaa mchana aliituma sauti hiyo kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa lake. Mara wakaanza kumdai. Ijumaa ikichelewa, simu ilijaa malalamiko.

Aliyemdai kuliko wote alikuwa Candide, Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, fundi wa cherehani aliyeshonea chini ya jengo hilohilo. Yeye na Léocadie walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka minne. Watu walidhani ni marafiki wanaogawana kodi, nao wakawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba walipendana kama mke na mume wapendanavyo, na Faida wa hadithini alikuwa na mabega ya Candide, na ile tabia yake ya kukunja mikono akisubiri mtu amalize kudanganya.

"Umeniiba," Candide alimwambia baada ya sura ya tano.

"Nimekuazima."

"Ukishanimaliza, unirudishe."

Mwezi wa tatu mwaka 2019 ikatoka sura ya arobaini na moja. Ndani yake Sifa alichukua nywele za kichwa chake na nywele za kichwa cha Faida akazisuka msuko mmoja, na huo katika nchi ile ndio ulikuwa ndoa. Kisha Maman Victoire, mke wa shemasi, akatuma sauti fupi: "Léo, hawa wawili ni ndugu?"

Léocadie angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Akajibu, "Hapana, Maman. Wamependana."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Candide naye aliitwa. Mchungaji hakupaza sauti. Aliuliza tu kama yaliyomo ndani ya hadithi yamo pia ndani ya nyumba yao. Léocadie akamgeukia Candide. Candide aliangalia sakafu.

"Mimi ni mpangaji mwenzake tu," akasema. "Mambo ya hadithi zake siyajui."

Sheria ya Afrika Kusini ilikuwa upande wao. Hata kuoana wangeoana kwa vyeti. Lakini sheria haikai nawe kwenye benchi la kanisa, wala haikuletei kichwa cha kusuka. Akina mama waliagizwa kufuta sauti zote, na Léocadie akaondolewa kikundini. Kiti cha dirishani kikabaki kitupu siku baada ya siku. Mwenye saluni, bila kumtazama, akamwomba ahamie kile cha nyuma karibu na choo.

Candide aliondoka wiki mbili baadaye kwa basi la Durban, cherehani yake imefungwa ndani ya blanketi.

"Nilikukana," alisema mlangoni. "Kila nikikuona nasikia ile sauti yangu. Siwezi, Léo."

"Mimi nimekusamehe."

"Najua. Ndiyo maana siwezi."

Siku chache baada ya hapo, mchana kweupe, Léocadie akisubiri taa za barabarani, robot kama waitavyo huko, ziwe kijani avuke, mtu alimpokonya simu na kutokomea katikati ya teksi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, na hapo ndipo alipoelewa: sura zote zilikuwa ndani ya simu ile, hakuwa na nakala popote. Kama bado zilikuwapo duniani, zilikuwa mikononi mwa wanawake waliomfukuza.

Akanunua simu ya mtumba, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Marthe wa kikundi kile, aliyewahi kulia kwa sauti Sifa alipofungwa gerezani, aliongea naye kupitia nondo za geti. "Nilifuta, dada. Mume wangu alisimama hapa akihakikisha." Mwingine alikuwa amebadili simu. Mwingine hakufungua. Léocadie alijaribu kuisimulia hadithi upya, lakini maneno yalitoka makavu, kama ya mtu anayetoa ushahidi polisi. Akaacha kula vizuri. Kuna siku alipanda hadi paa la jengo, akasimama karibu na ukingo akiangalia magari chini, na kilichomshusha ni mwanamke wa Kizulu aliyekuwa akianua nguo, aliyemwomba amshikie ncha ya shuka.

Mwishowe alikwenda mtaa wa Mayfair, alikokuwa hataki kwenda. Maman Victoire aliuza vitenge huko, kwenye kibanda kati ya maduka ya Wasomali. Alimwona Léocadie, akaendelea kukunja nguo.

"Zangu nilifuta," alisema. "Lakini nilikuwa namtumia mama yangu, yuko Uvira. Ni kipofu. Anazo kuanzia ya ishirini hadi ya arobaini. Ile ya mwisho sikumtumia." Akakunja kitenge kingine. "Ananiuliza kila siku kwa nini hadithi imekatika."

Léocadie akamsogelea. "Naomba hizo, Maman. Nakuomba kwa magoti."

"Nitakupa. Lakini kwanza mtengenezee mama mwisho unaofaa. Yule Faida afe. Azame, amalizike, Sifa aolewe na mwana wa mfalme. Nikiupata, nitakurudishia zote."

Angekataa, kama angekuwa na kitu kingine chochote mkononi. Aliingia nyuma ya vitenge, akashika simu ya Maman Victoire, na kwa dakika saba akamzamisha Faida. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Jioni hiyo, sura zilipokwisha kutumwa kutoka Uvira, alirudi Hillbrow nazo zote ishirini na moja, akajilaza bila kuzisikiliza.

Siku ya tatu Maman Victoire alimtumia sauti bila neno lolote la kwake. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, ya polepole, yenye lafudhi ya Uvira.

"Mwambieni huyo msusi kwamba amenidanganya. Mimi sioni, lakini nasikia. Huyo Sifa, toka anaanza kusema jina la Faida, nilijua. Mtu hatamki hivyo jina la mtu wa kuzama. Mwambieni aseme vile ilivyokuwa. Mimi ni mtu mzima, nimezika watu, hakuna cha kunishtua."

Léocadie aliisikiliza mara nne. Akampigia Candide Durban. Iliita mpaka ikakatika. Akaingia stoo, akafunga mlango, akaanza sura ya arobaini na moja. Ilikataa. Akaanza tena, akakwama mahali Sifa anapogusa nywele za Faida, akalia, akafuta. Ilimchukua siku tano. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, naye alijua. Aliituma kwa Maman Victoire, akimwomba aipeleke Uvira au aifute, vyovyote atakavyoona.

Alama mbili zikatokea, zikageuka buluu: ujumbe ulikuwa umefunguliwa. Jibu halikuja siku hiyo wala wiki ile. Kwenye kiti cha nyuma, mteja mmoja mgeni, asiyejua habari zake, alikuwa ameshakaa akisubiri kufumuliwa.