Paka wa Mutindi na Mbwa wa Ndila

Miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea ukingoni, hakukuwa na fundi wa nguo Migwani aliyeaminiwa kama Mutindi. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka alilopanga, na wanawake wa kanisa walipoitisha sare za kwaya, jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na paka wa kijivu aliyelala kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza, na kila asubuhi alimmiminia maziwa kidogo kabla hajajitengenezea chai yake.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zikiwa zimekataa, paka yule akabadilika. Alikimbilia bakuli kwa njaa, akaonja, kisha akaruka nyuma kama aliyeungua. Alitikisa kichwa, akajikwaruza mdomo kwa mguu, na udenda ukamtiririka mpaka kifuani. Mutindi alipojaribu kumpapasa shavu, paka ambaye hajawahi kumkwaruza mtu alimng'ata kidole mpaka damu ikatoka.

Mutindi alikifunga kidole kitambaa na kutoka nje. Ilikuwa siku ya soko, na watu wakamzunguka.

"Anatoa udenda?" mmoja akauliza. "Na anauma? Hicho ni kichaa cha mbwa, mama. Ni mbwa gani amemuuma?"

Mutindi hakujua. Lakini aliwahi kumwona Bobi, mbwa wa Ndila, ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya, akimfukuza yule paka mpaka juu ya ghala. Aliogopa, na macho ya watu yalikuwa yakingoja jibu.

"Ni Bobi," akasema. "Bobi ndiye aliyemuuma."

Maneno yakishatoka hayarudi kinywani. Vijana wa soko waliokota marungu wakateremka mpaka kwa Ndila, bibi kizee aliyeishi peke yake na mbuzi zake ng'ambo ya kijito. Bobi aliwapokea akitikisa mkia, maana wengi wao aliwafahamu. Marungu yalipoanza kumshukia mbwa, Ndila alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliambiwa tu kwamba fundi ameona kwa macho yake.

Mutindi alikwenda hospitali, akaanza kudungwa tumboni sindano za kichaa cha mbwa. Jumapili, kanisani, kina mama walimshika mkono wakasema Mungu amemtumia kuokoa watoto wa Migwani. Aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Paka naye alikuwa amejificha juu ya boriti za stoo ya nyuma ya duka. Mutindi aliufunga mlango, akawa anasukuma maji na maziwa kwa mwanya wa chini, akingoja asikie kimya. Kimya hakikuja. Wiki ikapita, na nyingine. Paka alikonda mpaka mbavu zikahesabika, lakini maji alikunywa, akiyalamba taratibu kwa upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi moja mwanga wa jua uliingia kwa ufa wa ukuta ukampata paka usoni. Mutindi, akichungulia, akaona kitu chekundu kikining'inia penye pembe ya mdomo. Akakitazama sana. Ulikuwa uzi. Aliujua uzi ule: ndio aliopindia sketi za kwaya.

Alichukua blanketi, akamfunga paka akabaki kichwa tu, akamfungua mdomo. Uzi ulikuwa umejizungusha chini ya ulimi ukaukata, na sindano yake ya mkono ilikuwa imezama kwenye ufizi uliojaa usaha. Akaikamata kwa koleo, akavuta. Paka alilia mara moja tu. Baadaye, akiwa bado kwenye blanketi, akaanza kumlamba Mutindi kiganja, na hilo ndilo lililomliza.

Hapakuwa na shahidi. Mutindi aliitupa sindano chooni. Jumapili iliyofuata, mama mmoja alipomwomba atoe ushuhuda, alisema koo linamuuma.

Haukupita muda mrefu akasikia kwamba fisi wameingia kwa Ndila wakabeba mbuzi jike mwenye mimba. Usiku ule zizi halikuwa na wa kubweka. Mutindi alijiambia ataenda kwa Ndila kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Ndila ndiye aliyekuja. Alileta shuka lililochanika, akaketi kwenye baraza apumue. Paka akatoka chini ya meza akijinyoosha, manyoya yakiwa yameanza kung'aa, akaenda kunywa maziwa yake. Bibi alimtazama mpaka bakuli likabaki tupu.

"Huyu si ndiye aliyekuwa na kichaa?"

"Ndiye, susu."

"Mnyama akishikwa na kichaa hanenepi, mwanangu."

Mutindi aliuweka mkasi chini. Kisha yote yakamtoka: uzi, sindano, udenda.

"Ulimwona Bobi akimuuma?"

"Sikumwona, susu. Niliogopa. Waliniuliza nikasema."

Ndila alikunja shuka lake polepole. "Ulisemea sokoni. Kasemee huko huko."

Siku ya soko ilipofika Mutindi alisimama mbele ya wauza ndengu, akasema alikuwa amesema uongo na mbwa wa watu akauawa bure. Wengine walicheka. Kijana mmoja wa wale wenye marungu alimtemea mate karibu na miguu, akaondoka haraka akijifuta macho. Kina mama wa kwaya walimpa mgongo, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko.

Alisafiri mpaka Nuu kwa mfugaji mmoja, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Ndila alimpokea mbwa, akamwekea uji. Hakusema asante, na Mutindi hakuitarajia.

Tangu hapo walisalimiana njiani kama majirani. Lakini nguo zake za kushonwa bibi alizipeleka kwa fundi mwingine, nyuma ya soko, mpaka alipokufa. Kila Mutindi alipomwona akipita na kifurushi kwapani, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, macho yakiwa kwenye kitambaa.