Matikiti Yakiisha Nitakuja

Enzi zetu pikipiki tulizijua kwa mlio kabla hatujaziona. Najua nikisema "enzi zetu" mtacheka, maana niko kidato cha tatu na mama bado ananituma chumvi dukani. Lakini ninyi mliokua nami Bariadi, mliocheza rede nyuma ya maghala ya pamba, mtanielewa. Zilikuwa chache. Ya padri ilikuwa inakohoa. Ya mganga wa zahanati ililia kama cherehani. Ya baba ilikuwa na sauti nzito, na ikifika kwenye ua wa minyaa ilipunguza mwendo, ikaja inanguruma taratibu mpaka mlangoni. Hapo mpira wa rede niliuacha hewani, aliyepigwa na asiyepigwa watajuana wenyewe.

Kwa kweli haikuwa ya baba. Ilikuwa ya ushirika. Baba alikuwa bwana shamba, anazunguka vijijini kuangalia pamba za watu, leo Nkololo, kesho kwingine, anarudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Kila msimu mfukoni mwake mlikuwa na kitu: furu nyeusi zinazopaka meno, ukwaju, ubuyu, mapera yenye harufu ya petroli. Sikuwa naomba. Mimi tangu zamani ni mtu wa aibu, hata kuomba maji kwa jirani nashindwa. Nilisimama tu karibu na tangi lenye joto, lenye mkwaruzo mmoja mrefu, mpaka aseme, "Holo, shika."

Shuleni tulikwenda na ufagio na kidumu cha maji, na mfukoni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani. Kipande kimoja ulikitafuna kuanzia mstarini asubuhi mpaka katikati ya hesabu, na mwalimu akikuuliza jibu ulinyamaza kwa sababu taya zilikuwa kazini. Mdogo wangu Sayi ukimpa tobolwa leo anauliza kama ni gome la mti. Yeye na wenzake wanataka biskuti na banda la video, na wakiona tope wanavua viatu wanavibeba kama mayai. Sisi viatu vyenyewe vya kuvua vilikuwa wapi?

Halafu ukaja ule wakati ambao watu wazima walianza kuongea kwa sauti ya chini. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kununua pamba, na ushirika ukaanza kupunguza watu. Sisi watoto tulifurahia malori. Sikujua kwamba baba naye amepunguzwa, wala kwamba mtu akipunguzwa kazini anapunguzwa na nyumba ya kazi na pikipiki ya kazi. Nilichoona ni kwamba mama aliacha kuimba akisonga ugali, na Sayi, ambaye alikuwa bado wa mgongoni, alilia sana siku hizo kama vile yeye ameelezwa.

Asubuhi moja baba akaniambia, "Holo, twende kwa bibi kule Ipililo tukale matikiti."

Bibi huyo ni mama yake baba. Niliruka. Mama alinifunga kanga kiunoni, akaifunga tena, akaifungua, akaifunga. Nikamwona kama ananichelewesha makusudi. Baba akapiga kiki pikipiki ya ushirika, ambayo alikuwa bado hajairudisha, tukaondoka.

Jamani, ile safari. Nikifumba macho bado naiona. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha na nchi yote ilikuwa kijani, mashamba ya pamba pande zote mbili, maua ya njano yaliyofunguka asubuhi ile na ya jana yaliyokwisha kuwa mekundu. Mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kama mtu ameyapanga akasahau kuyashusha. Ng'ombe wakikatiza barabara, baba anazima pikipiki tunasubiri, mchungaji anapita bila haraka, anatuambia, "Mwangaluka," nasi tunaitikia, "Mwangaluka," na kengele za ng'ombe zinaendelea mpaka zinamezwa na majani. Upepo uliingia ndani ya gauni langu ukalijaza. Nilikuwa nimemshika baba kiunoni, sikio mgongoni kwake, na alipoongea nilisikia maneno yakianzia ndani kabla hayajafika nje.

Mbele kidogo ya Maswa tukasimama kwenye shamba lililokuwa kandokando ya njia. Mnajua kwetu matikiti tunayapanda humohumo kwenye pamba, yanajificha chini ya majani kama wanaocheza kombolela. Mama mwenye shamba alikuwa anapalilia. Baba akamsalimia, akamwambia mtoto ana kiu.

"Kuleni," yule mama akasema, "ila mbegu mniachie."

Ndivyo ilivyokuwa. Tikiti la shambani halikuuzwa kwa mpita njia. Ulikula papo hapo, mbegu ukazitema pamoja kwenye jani, ukamwachia mwenyewe kwa msimu ujao. Baba akalipasua kwenye jiwe. Halikuwa na baridi ya maji, lilikuwa na joto la jua kwa nje na ubaridi kwa katikati, na lile pande la katikati, lisilo na mbegu, baba akanipa mimi lote. Maji yakanitiririka mpaka kwenye viwiko.

"Ngoja nikupe kitambaa," akasema, akafungua mfuko aliokuwa ameufunga kwenye keria.

Akatoa sweta langu la shule. Akalirudisha haraka. Akatoa gauni langu la kanisani, akalirudisha. Chini kabisa nikaona kikombe changu cha bluu cha plastiki, kile chenye mpini uliokatika.

Mtu haendi kula matikiti siku moja akachukua kikombe.

Sikuuliza. Ningekuwa mtoto mwingine ningeuliza, ningelia, ningejitupa chini ya magurudumu. Mimi nilifuta mikono kwenye kanga nikapanda. Lakini kuanzia pale sikuona tena maua wala mawe. Nilikuwa naomba kimoyomoyo pikipiki iharibike, na kidogo nisikilizwe, maana tulipoingia kwenye udongo mweusi wa mbuga tope lilijaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Baba akavunja kijiti akaanza kulichokoa. Lilitoka mapande mapande kama ugali wa jana. Akasukuma, likajaa tena. Nikafurahi vibaya sana. Akachokoa tena.

Tulifika Ipililo mchana, tumepakwa tope kama vyungu. Baba na bibi wakaongea Kisukuma kwa sauti ile ya chini. Nikasikia nyumba, nikasikia Mwanza, nikasikia kwamba mama na Sayi wataenda kwao kwanza. Ndipo baba akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Utakaa na bibi kidogo."

Nikaangalia vidole vya miguu yake.

"Sio sana. Matikiti yakiisha nitakuja."

Akapiga kiki. Nilisikiliza ule mlio mpaka ukawa mdogo kama wa nyuki, halafu nikawa sijui kama nausikia au nausikia kichwani tu.

Sasa, mtoto akiambiwa matikiti yakiisha, anafanya nini? Anayamaliza. Kuanzia kesho yake nilianza kazi. Nilikula asubuhi kabla ya uji, nikala mchana, nikala nikienda kisimani na nikirudi. Niliwaita watoto wa jirani, mimi niliyekuwa naogopa hata kuwasalimia, nikawaambia njooni mle. Maganda niliwapa ndama. Usiku niliamka mara nyingi kwenda nje, wala sioni aibu kuandika hilo, maana tikiti lote ni maji.

Binti wa shangazi, Nkwimba, ambaye naye aliishi kwa bibi na alikuwa ananizidi umri kidogo, alinicheka kila siku. Ikisikika pikipiki barabarani nilikuwa natupa kila nilichoshika nakimbia, na narudi peke yangu.

"Mtoto wa mjini anafukuza pikipiki kama mbwa," alisema. "Siku ukiikamata utaing'ata wapi?"

Bibi hakucheka. Aliniangalia tumbo, akaniuliza, "Wewe mtoto, humo ndani kuna kisima?"

Nikaendelea kutafuna.

"Unakula kama unafukuzwa. Nani anakufukuza?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia yale aliyosema baba. Bibi akanyanyuka, akaenda shambani mwenyewe. Akarudi na tikiti moja kichwani na jingine kwapani. Akakaa chini akanyoosha miguu, akapasua. Meno ya mbele hakuwa nayo, kwa hiyo alikuwa anakwangua kwa kijiko.

"Haya," akasema. "Tuyamalize."

Tukala mimi na yeye mpaka jua likashuka. Nkwimba alituangalia, akasonya, halafu naye akaja akakaa.

Tukayamaliza kweli. Majani ya matikiti yakakauka yakawa kama kamba kuukuu kati ya mistari ya pamba. Baba hakuja. Pamba ikapasuka, shamba likawa jeupe, baba hakuja. Nililala nimegeuzia mlango uso. Niliokota pamba sikio likiwa barabarani, na bibi alikuwa ananirudisha kwa upole, "Holo, mstari wako uko huku." Siku moja pikipiki ikapunguza mwendo karibu na minyaa ya kwa bibi, ikaanza kunguruma taratibu, vilevile kabisa. Nilikimbia mpaka miiba ya njiani ikanichana. Alikuwa karani wa mnunuzi wa pamba, anauliza njia. Ilikuwa ileile pikipiki, nawaambia, niliijua kwa ule mkwaruzo kwenye tangi. Ilikwisha pata mtu mwingine.

Basi tangu siku hiyo nikaacha kukimbia. Nilisikia, moyo ukaruka, miguu nikaikataza.

Ndiyo maana siku aliyokuja sikumsikia. Nilikuwa nimeinama kwenye pamba, nikaona mikono mingine inaokota mstari wangu kwa upande wa pili. Nikadhani ni Nkwimba. Nikanyanyua macho. Alikuwa baba, amekonda, na kule njiani baiskeli imeegemezwa kwenye minyaa, nyuma yake belo dogo la mitumba limefungwa kwa mpira. Alikuwa ametoka Mwanza kwa treni akashukia Malampaka, akaendesha.

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikapiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mgeni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila."

Tukaokota kidogo, yeye upande ule, mimi upande huu.

"Matikiti yalishaisha," nikamwambia. Ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumwambia baba yangu.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nayaona kwenye mashamba ya watu. Kila nikipita kuuza mitumba nayaangalia yamebaki kiasi gani."

Kesho yake tukaondoka kurudi Bariadi, ambako alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na sokoni, na mama na Sayi walikwisha fika. Nilikaa juu ya belo la mitumba. Barabara ilikuwa kavu, pamba nyingi zimekwisha okotwa, nchi imebaki rangi ya udongo, na baiskeli haina mlio wowote, inalialia tu kwenye mnyororo. Kupanda kilima tulishuka tukasukuma wote. Ilikuwa safari ndefu na ya jasho, na sikutaka ifike.

Nimeyakumbuka yote haya kwa sababu kesho kutwa narudi bweni, na huwa siwezi kutulia siku za mwisho za likizo. Nakunja nguo, nakunjua, natoka nje, narudi. Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi Bariadi, kila mfanyabiashara wa sokoni ana ya kwake, na mpaka leo moja ikipunguza mwendo karibu na nyumba nanyanyua kichwa, hata kama baba yuko palepale mbele yangu anapanga mitumba. Matikiti nayo yanakwenda Mwanza kwa malori. Ukipita kwenye shamba ukaomba, unaambiwa bei, na mbegu hakuna anayezitaka tena, zinauzwa dukani kwenye kopo.

Sasa ni msimu wa embe. Juzi Sayi aliniuliza nitarudi lini. Nilikuwa natafuta soksi, nikajibu bila kufikiri, "Embe zikiisha."

Jana nikamkuta nyuma ya jiko na ndoo nzima ya embe, uso umepakwa njano mpaka masikioni, anakula huku anahema. Kando yake rundo la kokwa. Huyu ndiye mtoto wa biskuti.

Nilikaa chini pembeni yake. Nikamweleza vizuri, kama ambavyo mimi sikuelezwa, kwamba shule inafungwa mwezi wa sita, kwamba kabla ya hapo sitakuja, kwamba embe zitaisha na mimi bado niko darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikizila zote haisaidii?"

"Haisaidii."

Akaiangalia ndoo. Akachukua moja akanipa, akachukua nyingine yeye.

"Basi tule tu," akasema.