Roketi ya Bawshar Iliyopaa na Kiraka

Mwezi uliopita nilipeleka gari kwa fundi wa bodi, bampa lilikuwa limepasuka. Nikamkuta anakoroga gundi ya faiba ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Ile harufu, kali na tamu kidogo, kama chupa ya rangi ya kucha iliyomwagika chumbani, ikanipiga puani. Fundi akaniomba radhi, akaniambia nikasubiri nje kwenye hewa. Sikutoka. Nilisimama pale pale kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni, maana nilikuwa nimerudi uani kwa bibi, Bawshar, hapa hapa Muscat, nina miaka kumi na miwili, na mbele yangu juu ya viti viwili vya plastiki imelala roketi.

Usicheke, rafiki yangu. Ilikuwa roketi ya kweli, ndefu kuliko mimi, na nusu yake niliiunda kwa mikono yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyumba ya bibi ilikuwa miongoni mwa nyumba za mwanzo katika mtaa ule, na nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu ila vilima vya mawe. Ndani ya geti tulisema Kiswahili cha Unguja, nje Kiarabu, na mara nyingi sentensi ilianza kwa lugha hii ikamalizikia kwa ile bila ya mtu kushtuka. Alhamisi, ambayo wakati ule ndiyo siku ya kwanza ya mapumziko ya wiki, niliamshwa na sauti ya mafuta yakichemka na harufu ya maandazi ya iliki. Kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi la uani na kuumwagilia mndimu. Nikimaliza hayo, mjomba alikuwa keshatandika magazeti chini.

Mjomba, mdogo wake mama, alisomesha chuo cha ufundi. Aliposoma Ulaya alijiunga na kikundi cha watu wanaounda roketi kwa kujifurahisha, kama wengine wanavyocheza mpira siku ya mapumziko. Aliporudi aliwaahidi wanafunzi wake kwamba iko siku atawaonyesha. Ruhusa aliihangaikia mwaka mzima. Ilipokuja ilikuwa ya asubuhi moja tu, Alhamisi moja ya mwisho wa baridi, kwenye uwanda wa changarawe upande wa njia ya Qurayyat. Injini ingeletwa siku yenyewe na maofisa, ndani ya sanduku lililofungwa. Kila kitu kingine kilikuwa juu yetu. Nasema "yetu" kwa sababu alinichagua mimi. Alisema nina mikono midogo inayoingia ndani ya bomba, na maswali makubwa.

Bomba lenyewe lilikuwa la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa zulia dukani. Nilimuuliza vipi karatasi itakwenda mbinguni, na hapo ndipo nilipojifunza faiba. Ngoja nikueleze, maana ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kuna kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, cheupe, kinang'aa, laini kama shela. Peke yake hakina nguvu, ukikikunja kinakunjika. Kuna gundi ya majimaji, na dawa ya kuigandisha. Unachanganya, unakipaka kitambaa juu ya bomba mpaka kinalowa na weupe wake unapotea, kisha unasubiri. Vikishashikana, vinakuwa gamba gumu ambalo hata ukilikanyaga halibonyei. Boti za wavuvi wa Qurayyat zimeundwa hivyo hivyo, na mafundi wa kule ndio waliomfundisha mjomba siri moja: gonga kwa sarafu. Mahali paliposhika pana sauti kavu, ti, ti, ti. Mahali gamba lilipoachana na kilicho chini yake, sauti inakuwa ya kufa, tu, tu, kama unagonga boga.

Muscat, gundi haikungoji. Ukichanganya saa sita za mchana, utaipata jiwe ndani ya kopo kabla hujashika brashi. Kwa hiyo tulifanya kazi baada tu ya sala ya alfajiri, kungali baridi, na jogoo wa jirani akitusimamia juu ya ukuta.

Tulipanga tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ilikauka vizuri, tukaipiga msasa ili ya pili ipate pa kung'ang'ania. Na msasa wa faiba, rafiki yangu, una adhabu yake. Lile vumbi ni kioo, linaingia kwenye ngozi na kuwasha usiku na mchana. Nilijikuna mpaka mikono ikawa myekundu. Bibi aliponiona aliniita jikoni.

"Njoo hapa, mwanangu. Mjomba wako anakuunda wewe au anaunda roketi?"

Akanipaka mafuta ya nazi, yale aliyoletewa kutoka Unguja kwenye chupa ya sharubati, kuanzia vidole mpaka begani, taratibu, huku akilalamika. Muwasho ukatulia. Sikuwahi kusikia raha kama ile.

Nyumbani alikuwepo pia Dada, aliyetoka Morogoro kuja kufanya kazi kwa bibi, na ambaye hakuwa na imani kabisa na shughuli yetu. "Hilo bomba likidondokea nyumba ya mtu," alisema akimenya vitunguu, "mimi simo. Kiarabu changu kinatosha kununua nyanya tu, hakitoshi kujieleza polisi."

Tukacheka wote. Kisha mjomba akaniita kutoka uani: bomba lilikuwa limeshafutwa kwa asetoni, dawa ya kuondoa vumbi na mafuta, safi, nimsaidie kulipeleka barazani penye kivuli. Nikalikumbatia kwa mikono miwili, kifuani, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Kwa mikono ile ile iliyotoka kupakwa. Nusu saa baadaye tukaweka tabaka ya pili.

Sikuwaza kitu. Tulitia mapezi matatu, tukachonga pua, mimi nikaushona mwavuli wake wa kushukia kwa cherehani ya bibi. Baada ya hapo ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote, ya kumalizia. Tulijaza vishimo kwa puti, tukapiga msasa, tukajaza tena, tukapiga msasa mwembamba kwa maji, siku baada ya siku, mpaka ukipitisha kiganja ulihisi kama unapapasa yai. Mjomba alinifundisha kufumba macho na kutafuta kasoro kwa vidole. Mwisho tukapuliza rangi nyeupe, na kiunoni mshipi mwekundu ambao niliuchora mimi. Tukaianika juu ya paa, kwenye jua. Hata Dada alipanda kuiangalia, akasema hii sasa hata ikianguka itaanguka na heshima zake.

Jumapili ya wiki ile ya kurusha, nilirudi kutoka skuli nikapanda paani peke yangu, na kwa mchezo tu nikatoa sarafu nikaanza kuigonga roketi yangu. Ti, ti, ti, mpaka karibu na mshipi mwekundu. Tu. Tu.

Nikagonga tena. Nikatazama mikono yangu, na pale pale nikajua. Ile rangi ilikuwa inang'aa kama sahani mpya, lakini chini yake gamba lilikuwa limekaa juu ya mafuta, halikushika. Siku za mwanzo labda lilijishikiza kidogo. Jua la paani likalimaliza.

Nilijua pia maana yake, maana mjomba alikuwa amenieleza zamani. Injini ikiwaka inasukuma kutoka chini, hewa inakandamiza kutoka juu, na bomba liko katikati linabanwa. Likiwa na sehemu dhaifu, linajikunja hapo hapo, na roketi iliyojikunja haiendi juu tena, inakwenda inakotaka. Na wanafunzi wangekuwa wamesimama pale uwandani.

Lakini zilibaki siku nne. Mjomba alikuwa ametia saini yake kwenye karatasi zote. Ruhusa ilikuwa ya asubuhi ile moja. Nikisema, labda hairuki kabisa, na sababu ni mimi. Na kosa langu lilikuwa limetoka kwenye viganja vya bibi, ambaye hakufanya ila kunionea huruma. Basi nikanyamaza. Nilinyamaza Jumapili, nikanyamaza Jumatatu, siku ambayo wanafunzi watatu walikuja kuiona roketi, na mjomba akawaambia kwa Kiarabu, mkono wake begani pangu, kwamba huyu ndiye fundi wake. Nadhani hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote za utoto wangu.

Jumanne alasiri Dada aliniwekea bajia, sikuzigusa.

"We! Bajia unaziangalia? Kuna mtu kafa?"

Nikaanza kulia. Bibi akaacha kahawa yake, akanikalisha kitako, na nikatoa yote: mafuta, bomba, sauti ya sarafu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu Jumapili nawe unajua?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyanyuka. Twende tukamwambie. Nami nnakuja, kwa sababu mafuta ni yangu."

Mjomba alikuwa barazani anasahihisha karatasi za mtihani. Alipanda paani, akaishusha roketi, akaigonga mwenyewe. Tu. Tu. Kisha akanipa penseli, akaniambia niendelee kugonga na nichore mpaka wa sauti mbaya. Nikachora juu ya rangi yetu nyeupe nzuri. Zikatokea njia mbili zilizopinda, zikikaribiana ubavuni.

Akaitazama ile michoro kitambo. "Hebu ikumbatie," akasema.

Nikaikumbatia. Mikono yangu ikaangukia juu ya mistari ya penseli, sawasawa, kama nguo kwa mwenyewe. Mjomba akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akajifuta macho. "Subhanallah. Imekupiga picha."

"Mimi ndiye niliyempaka," akasema bibi.

"Mama, wewe huna kosa."

"Nnalo, na wala sikuulizi. Nipe huo msasa."

Mjomba akachukua kisu, akaikata rangi. Sitaisahau sauti ile ya gamba likibanduka, jepesi kama ganda la kitunguu, na chini yake kung'aa kwa mafuta ya Unguja. Tulikaa wote wanne chini uani. Bibi alipiga msasa huku amejifunga kanga puani, Dada akifuta kwa asetoni na kunifukuza kila niliposogea: "Wewe kaa mbali na hiyo mikono yako ya futa!" Mjomba alikata kitambaa kipya. Aliniosha mikono kwa sabuni mara tatu, akaninusa vidole, kisha akanipa brashi. "Weka wewe," akasema. Nikaweka mimi. Kabla ya isha kiraka kilikuwa mahali pake, na Jumatano kutwa kilikauka. Muda wa kupaka rangi haukuwepo tena.

Basi Alhamisi tukaipeleka vile vile, nyeupe, maridadi, na katikati kiraka kikubwa cha rangi ya chai ya maziwa kilichoukata mshipi wangu mwekundu. Wanafunzi walipoiona walicheka, wakauliza kama Ustadhi, walivyomwita mwalimu wao, amekosa rangi. Mjomba akawajibu kwamba palikuwa na kosa, likaonekana, likakatwa, na wakisogea karibu atawaeleza namna. Akawaeleza kwa nusu saa. Aliwagongesha sarafu mmoja mmoja.

Maofisa wakaleta sanduku. Tukarudishwa nyuma mbali, bibi ndani ya gari na chupa yake ya chai, Dada nyuma ya gari, mimi pembeni ya mjomba. Walipohesabu nilikitazama kiraka tu. Moto, mlio kama kitambaa kirefu kinachochanwa, na roketi haipo. Ulibaki mstari mmoja wa moshi, umenyooka. Nilikuwa ningali nimebana pumzi wakati kule juu kabisa ulipofunguka mwavuli wangu, mdogo kama punje ya mchele.

"Imekwisha?" akauliza bibi dirishani.

"Imekwisha, Mama."

"Miezi mitatu, kwa hiyo tu?"

"Bibi, hata pilau," akasema Dada, "unalipika tangu asubuhi, linaliwa dakika kumi."

Ilishuka ng'ambo ya korongo. Pezi moja lilivunjika. Kiraka hakikuwa hata na mkwaruzo.

Ruhusa nyingine haikupatikana, na roketi ilikaa chuoni mpaka chuo kikahama na hakuna aliyejua imekwenda wapi. Uani kwa bibi pamejengwa vyumba vya kupangisha, mndimu umekatwa. Bibi ametangulia. Dada amerudi Morogoro, mjomba amehamia mbali kwa watoto wake na tunaongea kwa simu siku za sikukuu. Mimi nafanya kazi ofisini Al Khuwair, ghorofa ya tano, na makosa yapo, yangu na ya wenzangu. Likitokea kosa, tunaandikiana barua. Kwanza tunatafuta ni la nani, kisha lilianza lini, kisha nani aliarifiwa, na wiki inapita bado hakuna aliyeligusa.

Mimi hulisema langu siku ile ile, hilo nimejifunza. Lakini kila nikilisema, hujikuta nimesimama kidogo, nangoja. Nangoja watu wazima watatu waache walichokuwa wakifanya, wakae chini sakafuni pamoja nami, na mmoja wao anyooshe mkono aombe msasa.