Kichujio Kilichorudi Cheupe

Sina tabia ya kujisifu, ila kwa kichujio kimoja cha vumbi nitajisifu mpaka nizeeke.

Kazi yangu ni kupima hewa wanayovuta wafanyakazi. Namfunga mtu pampu ndogo kiunoni, mpira wake unapanda mpaka kwenye kola, na hapo napachika kichujio cheupe kinachonasa vumbi zamu nzima. Kisha nakipeleka maabara kikapimwe. Mama yangu kule Ngokolo huwaambia majirani kwamba bintiye anapima upepo, nao hucheka sana.

Siku hiyo nilikuwa kwenye karasha moja nje ya mji wa Geita, wanakosaga mawe ya dhahabu. Vumbi lilikuwa limetua mpaka kwenye kope za watu. Nilimchagua mama mmoja aliyetokea Ushirombo, aliyekuwa analisha mawe kwenye mashine, maana kikohozi chake nilikisikia kabla sijamwona. Mwenye karasha alikuwa ameahidi mbele ya wote: vumbi likizidi kiwango, ataweka mabomba ya maji ya kulowesha mawe. Lisipozidi, nisirudi kumsumbua.

Jioni nikakitazama kichujio. Cheupe pe!

Mwenye karasha akapiga makofi. "Si unaona? Hewa safi. Andika, dada, tumalize."

Nikamgeukia yule mama. "Mama, leo hiki kidude kilikaaje?"

"Nimekitunza vizuri, mwanangu," akasema kwa furaha. "Niliona vumbi litakichafua, nikakifunga kwa kipande cha kanga mpaka zamu ilipoisha. Kitu cha watu hicho."

Akakitoa kile kipande mfukoni. Maua yake hayakuonekana tena kwa vumbi.

Nilijionea aibu. Asubuhi ni mimi niliyemwonya akitunze, ni cha gharama. Na huku kwetu kitu cha kuazima hakirudishwi kichafu. Hata sufuria ya jirani tunaisugua kwa mchanga kwanza. Yeye alifanya nilichomwambia, akaongeza na malezi yake.

"Kipimo ni kipimo," mwenye karasha akasisitiza. "Umeshapima."

"Sijapima kitu," nikamjibu, na fomu ya vipimo nikaichana mbele yake.

Kesho yake nilimfunga pampu mama yule yule. "Leo kiache kichafuke," nikamwambia. Alinitazama kama ninayemwagiza kuvunja sahani, ila akakubali. Jioni kichujio kilikuwa rangi ya majivu, na majibu ya maabara yalipokuja, vumbi lilikuwa limezidi kiwango.

Niliporudi miezi kadhaa baadaye, mawe yalikuwa yamelowa na mabomba yanatiririka. Kabla sijamwamkia, yule mama alinivuta mkono hadi kwa wenzake, amejaa fahari kuliko mimi.

"Shahidi wangu huyu hapa," akawaambia. "Mwulizeni nani alikichafua."